Tope Jeusi la Rusenyi

Saa mbili asubuhi ya Alhamisi, Sajenti Domisiana alikuwa anapanda kilima cha Rusenyi akiwa na saa sita tu za kufanya kazi. Saa nane mchana lori la polisi lingefika Kasulo kumchukua Niyonzima, mkimbizi kutoka Burundi, na kumpeleka mahabusu ya Biharamulo kwa kosa la kuua. Mtu akishapelekwa huko na jalada la mauaji, kumrudisha si jambo la leo wala kesho. Na kosa lenyewe lina adhabu moja tu katika sheria, nayo ni kitanzi.

Nyuma yake alikuja Koplo Xavery, anahema na kunung'unika. Kwa Xavery hii ilikuwa kesi iliyokwisha kupikwa na kupakuliwa, iliyobaki ni kunawa mikono tu. Mbele yao alitangulia Kaneza, mke wa mtuhumiwa, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na ushee, kanga mbili kiunoni na miguu peku. Tangu watoke kambini hakuwa amefungua kinywa. Domisiana hakumlazimisha, maana alijua kwamba mwanamke ambaye mumewe ana siku moja hana hamu ya mazungumzo.

Jalada lilikuwa fupi. Mzee Idefonsi, mlinzi wa msitu wa hifadhi, alikutwa Jumanne alfajiri amelala kifudifudi ndani ya bwawa la tope jeusi mlimani Rusenyi. Mganga wa zahanati ya kambi alikuta tope kooni mpaka ndani, na alama za vidole nyuma ya shingo. Alikadiria kuwa mzee alikufa Jumatatu mchana. Mwanamume pekee aliyejulikana kufanya kazi kwenye bwawa lile ni Niyonzima. Kulikuwa na shahidi aliyewasikia wawili hao wakigombana. Na Jumanne hiyo hiyo, Xavery alipokwenda kumkamata, alimkuta na weusi mikononi hadi viwikoni. Niyonzima alisema Jumatatu alikuwa kwenye foleni ya mgao wa chakula, lakini katika foleni ya maelfu ya watu hakupatikana hata mmoja wa kuapa kwamba alimwona.

Bwawa lenyewe lilikuwa la zamani. Miaka ya hamsini Mgiriki mmoja alichimba makaa ya mawe hapo, akachukua mabonge akayauza, na ile chengachenga isiyoshikika akaisukuma bondeni pamoja na maji ya kuoshea. Alipoondoka aliacha shimo na bwawa la uji mweusi ambalo ng'ombe hawakulinywa wala mtu hakuligusa. Kwa miaka arobaini watu wa Kasulo walipita mbali nalo. Halafu mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne wakimbizi wakamiminika, msitu ukaanza kurudi nyuma kila siku mbele ya mapanga, na Niyonzima, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya madini huko Bujumbura, akaliona tope lile kwa jicho jingine.

Walipofika, Domisiana alianza na ukingo wa magharibi, mahali mwili ulipovutwa. Alama mbili za magoti zilikuwa bado zipo, zimekauka kwenye udongo, zimezama sana, kama za mtu aliyepiga magoti na kuegemea mbele kwa uzito wake wote. Alizipima kwa shubiri, akazichora kwenye daftari pamoja na duara la bwawa zima, akamwambia Xavery azifunike kwa majani ya mgomba. Kisha wakazunguka upande wa mashariki, kwenye mapipa.

Xavery ndiye aliyekiona kwanza kile chungu chenye kifuniko kilichozibwa kwa udongo, na bomba jembamba linalotoka ubavuni kuingia kwenye chupa. Uso ukamng'aa. Alikuwa ameshakamata mitambo ya gongo isiyopungua ishirini tangu mwaka uanze.

"Hii hapa, afande. Mzee kawakuta wanapika, wakamnyamazisha."

Domisiana aliinama akanusa chupa. Harufu ilimpanda puani mpaka machozi yakamlengalenga, harufu ya dawa anayopakwa kifuani mtoto mwenye mafua. Yalikuwa majani ya mkaratusi. Kaneza alieleza kwa sauti ndogo kwamba wanayachemsha na kupata mafuta kidogo sana, kizibo kimoja kwa gunia zima la majani, na kwamba hayo majani ndiyo mzee Idefonsi aliyowagombezea, akidhani wanakata miti. Xavery alichovya kidole, akalamba, akatema. Uso wake ukarudi kuwa wa kawaida.

"Haya," Domisiana akamwambia Kaneza. "Nionyeshe mnachofanya hapa. Chote, tangu mwanzo, kama siku ya kazi."

Kaneza alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akafunga kanga vizuri na kuanza.

Alichota ndoo mbili za tope akazimimina kwenye pipa lililojaa maji hadi robo tatu. Akakoroga kwa kasia la mti mpaka maji yote yakawa meusi ti, hayaonyeshi kitu. Akachukua kizibo cha soda, akakijaza mafuta ya taa, akamimina. Kizibo kimoja tu kwa pipa zima. Akakoroga tena kwa muda mrefu, akihesabu kimoyomoyo. Kisha akachovya unyasi kwenye yale mafuta ya mkaratusi na kudondosha matone, moja, mbili, mpaka saba. Mwisho alishika pampu ya baiskeli iliyounganishwa na mpira uliozama hadi chini ya pipa, mpira uliotobolewa kwa mwiba matundu yasiyohesabika, akaanza kupiga pampu.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Maji yalitikisika tu. Xavery alipiga mwayo.

Halafu povu likaanza kupanda. Povu la kwanza lilikuja jepesi, la kijivu, likapasuka. Lililofuata lilikuwa zito, na kila kipovu kilikuwa kimevaa weusi mwili mzima, cheusi kinachong'aa, kikiwaka jua la asubuhi kila upande. Vikaja vingine, na vingine, vikasukumana na kupandana, mpaka juu ya pipa pakasimama kilima cha povu jeusi kinachotetemeka chenyewe, kikavimba, kikafika ukingoni na kuanza kumwagika taratibu kwenye karai. Kaneza hakuacha kupiga pampu. Kwa mkono mwingine alikuwa anakwangua povu kwa kibao, na kila alipokwangua, jingine lilikuwa limeshapanda mahali pake. Na chini ya povu, polepole, maji yalikuwa yanabadilika. Weusi ulikuwa unayatoka. Yakawa ya kahawia, yakawa ya kijivu, mwisho Domisiana akauona mkono wa kasia mpaka chini.

Aliinama juu ya pipa. Alikuwa na miaka kumi na sita ya upolisi, ameona mengi, mengine afadhali asingeyaona, lakini hili hakuwahi kuliona. Maisha yake yote alijua kwamba jiwe huzama. Hapa jiwe lilikuwa limepanda juu, limebebwa na hewa, na udongo ndio uliobaki chini. Alijikuta anafanya ishara ya msalaba. Alipogeuka alimkuta Xavery amevua kofia, ameishika kifuani, na hajui kama ameivua.

"Inakuwaje?" Domisiana akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa unyenyekevu wake.

"Makaa hayapendi maji, afande," Kaneza akasema. "Yanapenda mafuta. Udongo wenyewe unapenda maji. Kwa hiyo hewa ikipita, makaa yanaikumbatia, yanapanda nayo. Udongo hauna haja, unabaki. Mume wangu anasema hatufanyi kitu sisi. Tunavipa tu nafasi ya kuchagua."

Alimwonyesha yaliyobaki. Povu lililotulia lilikamuliwa ndani ya gunia, likachanganywa na uji wa muhogo, likafinyangwa vitonge na kuanikwa. Vitonge vilikuwa vimepangwa juani kwenye mikeka, mamia, vimekauka. Kaneza aliwasha kimoja kwa vijiti viwili vya kibiriti, akakipulizia mpaka kikashika. Kilikaa muda bila kufanya lolote, kisha kikaiva chekundu ndani kwa ndani na kutoa joto ambalo Domisiana alilisikia usoni akiwa hatua mbili mbali. Vitano vinaivisha maharage, Kaneza alisema. Wanawake wanane wa mtaa wao kambini walikuwa wanafanya kazi hapa kwa zamu, na tangu waanze hakuna hata mmoja wao aliyekwenda porini kutafuta kuni. Hakueleza zaidi, wala Domisiana hakuuliza. Maelezo ya wanawake waliovamiwa wakienda kuni yalikuwa yamejaza kabati zima kituoni, na mengi alikuwa ameyaandika yeye.

Akarudi kwenye kazi. Alikunja mkono wa shati, akauzamisha kwenye pipa mpaka chini, akatoa bonge la udongo. Ulikuwa laini na mweupe wa kijivu, rangi ya majivu ya alfajiri.

"Huu mnaupeleka wapi?"

"Popote. Hauna kazi. Tunaumwaga hapo hapo bwawani. Kambini vinakwenda vitonge tu."

Domisiana aliukausha udongo ule kiganjani kwa kuupuliza, akaufunga kwenye karatasi. Kisha akauliza kuhusu ule ugomvi. Kaneza alikiri kwamba ulikuwepo, tena mkubwa, sokoni kambini, wiki mbili zilizopita. Lakini Jumamosi mzee alikuja hapa bwawani, akaonyeshwa povu, akakaa kwenye jiwe asubuhi nzima anatazama. Alipoondoka alisema kila kitonge ni tawi lililobaki mtini, na kwamba angewaletea majani ya mkaratusi yeye mwenyewe kutoka misheni. Xavery alikohoa kidogo, kikohozi cha kusema mke wa mtuhumiwa atasema nini kingine. Na kweli lilikuwa neno la mke tu.

"Alikuwa anapita hapa kila siku?"

"Kila Jumatatu. Anapanda kule." Kaneza alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa kilima. Moshi mwembamba, mweupe, ulikuwa unapanda sehemu tatu tofauti ndani ya hifadhi. "Kwenye matanuri ya mkaa."

Domisiana aliutazama moshi ule, kisha akamgeukia koplo wake. Alimwomba akumbuke Jumanne, watu waliokuwa wamekusanyika kituoni mwili ulipoletwa kutoka mlimani, na amtajie wote waliokuwa na weusi mikononi hadi viwikoni.

"Niyonzima hakuwepo pale, tulimkamata kambini," Xavery akasema, anahesabu kwa vidole. "Pale mwenye weusi labda Frednand. Lakini yule ni muuza mkaa, afande. Yule ni mweusi kila siku ya Mungu."

"Ndiyo maana hatukumtazama."

Xavery akavaa kofia yake.

Frednand ndiye aliyekuwa shahidi wa ugomvi. Alikuwa mwenyekiti wa wauza mkaa wa Kasulo, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, mwenye heshima kanisani, asiyevua koti lake refu, aliyetoa gunia zima la mkaa kwa ajili ya msiba wa mzee Idefonsi. Katika maelezo yake alisema hajakanyaga Rusenyi tangu Pasaka, na kwamba Jumatatu alikuwa gulioni Biharamulo. Mtu wa mkaa akijipaka tope la makaa, nani atajua? Weusi ni weusi. Domisiana alijua kwamba hakimu yeyote angemwambia hivyo hivyo na kumfukuza mahakamani.

Akamuuliza Kaneza: vumbi la mkaa wa miti likitiwa kwenye pipa hili, litafanya nini? Kaneza alifikiri. Litapanda pia, alisema, mkaa nao hupenda mafuta. Moyo wa Domisiana ukashuka. Akakaa kwenye jiwe, akashika tama, akaangalia lile pipa lililotakata. Kisha akauliza polepole, akiogopa jibu.

"Na chini? Chini kitabaki nini?"

"Uchafu wake. Udongo wa tanuri."

Domisiana alisimama. Tanuri la mkaa hufukiwa kwa udongo, na mkaa ukitolewa huwa umebeba vumbi la udongo huo. Udongo wa hifadhi yote, wa Kasulo yote, mpaka kwao Murukulazo, ni mwekundu. Hapa bwawani tu, kwa sababu ya kile Mgiriki alichotoa tumboni mwa kilima, ndipo udongo ulipokuwa mweupe. Macho hayawezi kutenga weusi na weusi. Povu linaweza.

"Pipa ni kubwa mno kwa vumbi la koti lake," alisema.

"Kwa majaribio tunatumia kisabo," Kaneza akajibu, na kutoka kibandani akatoa kibuyu kikubwa, cha aina ile ile ambayo Domisiana alitumia kusukia maziwa ya ng'ombe wa mama yake kila asubuhi kabla ya shule. Kisabo kile kilikuwa kimechakaa weusi ndani na nje. Domisiana alikipakata, akakijaribu mkononi, na mikono yake ikakumbuka yenyewe.

Saa sita kasorobo Frednand, aliyeitwa kurudia maelezo yake ya ushahidi, aliingia kituoni amevaa koti lake refu la mtumba, bila jua kali kumsumbua. Domisiana alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti yangu, akaulizia hali ya wazee huko Murukulazo. Mkuu wa kituo, mtu wa maneno machache ambaye tayari alikuwa ameshasaini karatasi za lori, alikaa pembeni na mganga wa zahanati aliyeitwa kuwa shahidi. Juu ya meza palikuwa na kisabo, chupa nne tupu za dripu, na ndoo ya maji safi. Kaneza alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Domisiana alikuwa amemkataza kugusa chochote, maana wakili wa kwanza atakayesimama angesema mke kapika ushahidi. Angetoa maelekezo kwa mdomo tu.

Mahojiano yalikwenda kwa upole. Domisiana aliuliza, Xavery aliandika. Frednand alirudia kwamba hajakanyaga Rusenyi tangu Pasaka. Hata kupita karibu? Hata kupita. Na vile vitonge vya wakimbizi, amewahi kuvinunua, kuvibeba, kuvishika? Alicheka, akasema vitu vile vya kichawi hagusi. Koti alilovaa Jumatatu ni lipi? Ni hili hili, hana jingine. Limefuliwa?

"Koti la muuza mkaa linafuliwa, binti yangu?" Frednand alicheka tena, na hata mkuu wa kituo akatabasamu.

"Naomba nilitazame, mzee wangu."

Alilivua mwenyewe, akalikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. "Chukua. Ni mkaa mtupu humo."

Domisiana alianza na vumbi kutoka gunia la mkaa lililokuwa jikoni kwa kituo, ambalo Frednand mwenyewe ndiye aliyeliuza. Maji, vumbi, tone la mafuta ya taa, tone la mkaratusi. Akaziba kisabo, akakiweka pajani na kuanza kusuka, mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku chumba kizima kikisikiliza maji yakichapa ndani. Alipomimina kwenye chupa, povu jeusi likapanda shingoni, maji yakatulia, na chini kabisa ukakaa mstari mwembamba mwekundu. Mganga akausoma kwa sauti, Xavery akaandika: mwekundu.

Chupa ya pili ilikuwa vumbi lililokung'utwa mgongoni mwa koti. Mwekundu.

Kwa chupa ya tatu alipindua mikono ya koti, akakwangua bitana kwa kisu, kutoka kwenye pindo hadi kwenye kiwiko, mkono wa kulia na wa kushoto. Gamba lilikuwa gumu, lilitoka vipande vipande. Alikiosha kisabo mara tatu mbele ya macho yao kabla ya kulitia gamba lile. Akasuka. Akamimina. Povu likapanda, zito kuliko lile la kwanza, jeusi la kung'aa. Maji yakatulia polepole sana. Kisha chini ya chupa kikaanza kutua kitu, kikaongezeka, kikafika unene wa kidole kimoja, nacho kilikuwa cheupe cha kijivu, bila chembe ya wekundu.

Chupa ya nne, tope la bwawani, ilitua vile vile. Domisiana aliziweka mbili hizo sambamba kwenye mwanga wa dirisha. Mkuu wa kituo aliinuka kwenye kiti bila kujua, akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kwa muda alisahau kesi. Alikuwa anatazama tu.

Frednand alisema kambini watu wamebanana, wanawake wanapita na vikapu vyao, mtu anaweza kupakwa.

"Vitonge havina udongo huu, mzee wangu, unabaki bwawani," Domisiana alimjibu kwa heshima ile ile. "Na anayepakwa njiani hupakwa nje. Hapa ni ndani ya mikono, yote miwili, mpaka viwikoni. Na mgongo ni mwekundu."

Frednand alizitazama chupa. Alitazama ya tatu kwa muda mrefu, na Domisiana aliona usoni mwake si hofu peke yake. Alikuwa anastaajabu, kama wote waliokuwemo. Kisha akakaa vibaya kwenye kiti, mabega yakamwanguka.

Alisema mambo mengi baada ya hapo, na Xavery alijaza karatasi tano. Matanuri ya hifadhini yalikuwa yake. Jumatatu hakufika Biharamulo, alikuwa anashusha mkaa alipokutana na mzee Idefonsi bwawani. Walikuwa wamefahamiana tangu utoto. Alimwomba amwachie matanuri hayo mpaka mwezi uishe, na mzee hakukataa wala kukubali, maana alikuwa na jambo jingine la kumwambia.

"Hata hakunikaripia," Frednand akasema. "Alikuwa anafurahi. Aliniambia, Frednand, acha kukata miti, njoo uone kitu. Makaa yamelala hapa bure miaka yote hii. Nikaona gunia langu halina mnunuzi tena. Yeye akapiga magoti kuchota lile tope anionyeshe." Akaitazama mikono yake. "Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake."

Mganga alitoka nje. Domisiana alibaki palepale na mikono yake myeusi mezani, akiwa na huruma isiyojua iende wapi, kwa mzee aliyekufa akiwa amefurahi na kwa mzee huyu aliyeshindwa kufurahi naye.

Lori lilikuja saa nane na robo. Dereva alikuwa na karatasi ya mtu mmoja, na mtu mmoja akapanda, isipokuwa jina lilifutwa na kuandikwa jingine. Niyonzima alitolewa mahabusu akiwa amejikinga macho na jua. Hakumkumbatia mkewe mbele za watu. Alimshika tu kiganja, akakigeuza, akaona weusi mbichi, akajua walikuwa wapi asubuhi.

Ilibaki karatasi ya mwisho. Mkuu wa kituo aliandika amri ya kufunga bwawa la Rusenyi kama eneo la tukio mpaka kesi iishe, akampa Domisiana asaini pamoja na mchoro wake. Ndivyo utaratibu ulivyo. Domisiana alisaini. Kaneza, aliyekuwa mlangoni, akauliza kesi kama hii huchukua muda gani. Domisiana alifunika kalamu yake.

"Mwaka. Au miwili."

Kaneza akaitikia kwa kichwa, akamwambia mumewe maneno machache ya Kirundi. Niyonzima akakaa chini kwenye ngazi ya kituo. Xavery akataka kujua amemwambia nini.

"Namwambia awaamshe watoto yeye kesho," Kaneza akasema. "Mimi nitaondoka mapema. Kuni ziko mbali."

Domisiana aliivuta karatasi ile kutoka mikononi mwa mkuu wake kabla haijagongwa mhuri. Aliangalia mchoro aliouchora asubuhi, duara moja kubwa kuzunguka bwawa zima. Akaupiga mstari. Chini yake akachora upya ukingo wa magharibi, mahali palipo na alama za magoti, akaandika vipimo: hatua kumi na mbili kwa hatua nne. Akasaini tena, akairudisha.

Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili.

"Na sehemu iliyobaki, Sajenti?"

"Iliyobaki ni tope tu, afande."

Mkuu wa kituo alizitazama zile chupa nne dirishani, povu bado limesimama shingoni mwao, likiwaka jua. Kisha akapuliza mhuri, akaugonga.